Nyayo za Shilingi ya Shule

Wasomaji wakaao Tarime na Serengeti hawahitaji kufundishwa kufuata nyayo. Ng'ombe akiibwa usiku, yowe hupigwa, vijana huamka, na kulipokucha alama za kwato hufuatwa kutoka zizini hata mtoni, na kutoka mtoni hata mpaka wa kijiji cha pili. Hapo wenye kijiji kile huitwa. Desturi ya wazee ni kwamba wakiweza kuonyesha nyayo zikitoka katika nchi yao, wamejiokoa, na mzigo umewahamia wale walio mbele; wasipoweza, ng'ombe yuko kwao, nao watajibu. Kisha neno huletwa mbele ya ritongo, baraza la watu wote, likasemwa kwa sauti mpaka liishe.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi niketipo katika mikutano ya shule. Shilingi ya mtoto wa shule nayo ina nyayo zake. Hutoka Hazina, hupita benki, hufika shuleni, hugeuka chaki na karatasi na misumari ya dawati. Lakini watu wale wale ambao hawapati usingizi ng'ombe mmoja akipotea, hukaa miaka mitatu pasipo kuuliza shilingi ya mtoto ilikwenda wapi, au kama ilikuwa ndogo tangu mwanzo hata isitoshe kuacha alama. Siandiki haya kumshtaki mtu. Nataka kuuchambua utawala wa shule zetu za serikali katika wilaya hizi mbili, tuone nyayo zinafutika mahali gani.

Tuanze na swali ambalo mgeni angeliuliza: Shule hii ni ya nani? Ukimwuliza mzee wa kijiji, atajibu, "Ni ya serikali." Ukimwuliza afisa wa serikali, atajibu kwa upole, "Ni yenu wananchi." Majibu haya mawili ni kama watu wawili wasukumianao mtungi mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake aushike, hata uanguke.

Kwa sheria, wenye mkono katika shule moja ya msingi ni wengi. Wizara ya Elimu huweka sera na mitaala, na wathibiti ubora wake, ambao zamani tuliwaita wakaguzi, huja kutazama mafundisho. Lakini wizara hiyo haiziendeshi shule. Shule ziko chini ya ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ambayo watu huiita TAMISEMI, nayo huziendesha kwa mkono wa halmashauri: Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, Halmashauri ya Mji wa Tarime, na Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti yenye makao yake Mugumu. Katika halmashauri yuko Mkurugenzi, na chini yake maafisa elimu, wa msingi na wa sekondari. Katika kata yuko Afisa Elimu Kata. Shuleni yuko mwalimu mkuu. Mwalimu huajiriwa na serikali kuu, mshahara wake hutoka Hazina, na akivunja nidhamu neno lake hupelekwa kwenye Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mtihani ni kazi ya Baraza la Mitihani la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1973. Na ubavuni mwa mwalimu mkuu imewekwa kamati ya shule, ambayo ndani yake wamo wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao, ipate kuidhinisha matumizi na kuilinda mali ya shule.

Tazama basi ajabu yake. Mzazi aliye katika kamati huona kwa macho yake kwamba darasa la nne lakaa chini ya mwembe na kwamba mwalimu wa hesabu amehama tangu Machi. Lakini hana mamlaka ya kumleta mwalimu wala fedha ya kujenga. Aliye na mamlaka hayo yuko Dodoma, naye huona tarakimu tu. Katikati yao wamo watu wa ofisi ambao kazi yao ni kupeleka barua juu na kuteremsha waraka chini. Sisemi hawafanyi kazi. Nasema kwamba nyayo zikifika kwao, kila mmoja aweza kuonyesha kwa kidole kwamba zimetoka kwake, na kwa hiyo hakuna ajibuye.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Wamenno walipofika Shirati mwaka 1934, katika nchi iliyokuwa baadaye sehemu ya wilaya ya Tarime mpaka Rorya ilipotengwa mwaka 2007, walianza na shule ndogo za miti na nyasi. Miti ililetwa na kijiji, nyasi ziliezekwa na kijiji, na mwalimu alikula chakula cha kijiji. Sitaki msomaji adhani ninazisifu kupita kiasi. Zilikuwa chache, wasichana walikuwa wachache zaidi, na mtoto aliyejua kusoma na kuandika alihesabiwa amemaliza dunia. Lakini hapakuwa na shaka ni shule ya nani. Paa likivuja, kila mtu alijua nani apande juu.

Sheria ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni zilizosaidiwa kwa fedha za umma chini ya serikali, na jambo hilo lilikuwa na haki yake, maana mtoto wa asiyesali alikuwa na haja ya shule kama mtoto wa asaliye. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikafutwa, hata ziliporudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Novemba 1974, hapa hapa mkoani kwetu, chama kilitoa Azimio la Musoma, kwamba kufikia mwaka 1977 kila mtoto wa rika la shule awe darasani. Kwa hiyo katika miaka michache madarasa yaliota kama uyoga, mengine yakifundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba juzi tu. Michango ya wazazi ikarudi katika miaka ya 1980; ada ya msingi ikafutwa mwaka 2001, kukawa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi tangu 2002; michango ya majina mengine ikaingia kwa mlango wa nyuma; na mwisho ukaja Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, uliosema kwamba tangu Januari 2016 elimu ya msingi, hata kidato cha nne, itatolewa bila malipo.

Neno "bure" ndilo nitakalo kulisema kwa urefu, maana limetuletea baraka na hasara kwa pamoja. Baraka yake ni dhahiri. Milango ilipofunguliwa mwaka ule, watoto waliokuwa wakichunga waliletwa waandikishwe, na madarasa yakajaa hata madirishani. Mjane aliyekuwa akimficha mtoto siku ya michango aliweza kumtuma shule bila hofu. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikafutwa. Hakuna mwenye moyo atakaye turudi nyuma.

Hasara ni hii: watu walilisikia neno, wala hawakuusoma waraka. Waraka ule haukusema kwamba mzazi hana tena kazi. Sare, daftari, matibabu na chakula vilibaki juu yake, na nguvu za kijiji katika ujenzi zilibaki juu ya kijiji. Kisha Januari 2018 Rais Magufuli alikataza michango mashuleni kwa ukali, kwa kuwa ni kweli ziko shule zilizowafukuza watoto kwa ajili ya michango. Tangu hapo mwalimu mkuu mwoga hakuthubutu kutaja hata debe moja la mahindi ya uji. Katika shule nyingi sufuria likafunikwa, na mtoto atembeaye kilometa tano akaketi tangu asubuhi hata alasiri pasipo kitu tumboni. Mwalimu aweza kumfundisha mtoto mwenye njaa kwa muda wa saa mbili hivi. Baada ya hapo anafundisha ukuta.

Sasa tuzihesabu shilingi zenyewe. Ruzuku ya shule ya msingi imewekwa kuwa shilingi 10,000 kwa kila mtoto kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 huzuiliwa juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 hutumwa katika akaunti ya shule, kila mwezi kidogo kidogo. Kwa sekondari ni 25,000, na nusu yake ndiyo ifikayo shuleni. Kutumwa moja kwa moja ni jema kubwa lililoletwa na mpango wa 2016. Hapo kwanza fedha zilipitia wilayani, nazo zilikuwa na mazoea ya kupumzika njiani.

Tuchukue shule ya mfano yenye watoto 900, ambayo kwetu si kubwa ya kustaajabisha. Mara 6,000, ni shilingi 5,400,000 kwa mwaka, yaani 450,000 kwa mwezi. Kwa hizo yanunuliwe chaki na karatasi, ichapwe mitihani ya ndani, yatengenezwe madawati na vitasa, iendeshwe michezo, na mwalimu mkuu apate nauli ya kwenda wilayani aitwapo. Kanuni ya serikali yasema watoto 45 katika chumba kimoja. Basi shule hiyo yataka vyumba 20. Ikiwa ina 8, kila chumba chabeba watoto 112 na zaidi. Nacho chumba kimoja, kwa hesabu ya serikali yenyewe ilipojenga mwaka 2021, kilikadiriwa kuwa shilingi milioni 20. Ruzuku yote ya mwaka, isitumike hata senti moja kwa chaki, ingejenga robo ya chumba na kidogo juu yake.

Tena kiasi hicho cha 10,000 si kipya. Kilipopangwa mwanzoni mwa Mpango wa 2002 kilikusudiwa kuwa dola 10 za Marekani. Leo shilingi 10,000 ni yapata dola 4. Saruji imepanda, karatasi imepanda, mshahara wa fundi umepanda; mtoto peke yake ndiye aliyebaki kwa bei ya zamani.

Jambo jingine lanichekesha kidogo, ingawa si la kuchekesha. Katika mpango ule ule wa 2016 mwalimu mkuu wa shule ya msingi alipewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Simwonei kijicho, kazi yake ni nzito, na wengine wameizeekea. Lakini shule yenye watoto 400 hupata ruzuku ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Posho ya mtu mmoja na fedha ya kuendeshea shule nzima ni sawasawa. Sitaki posho ipunguzwe; nataka aliyeziandika tarakimu hizo mbili katika mpango mmoja azitazame tena zikiwa ubavu kwa ubavu.

Hapo watu husema, "Mara ni maskini, tufanyeje?" Wajibiwe kwa upole kwamba si hivyo. Nyamongo, katika wilaya ya Tarime, uko mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kuzalisha mwaka 2002, ukapita mikononi mwa kampuni kadhaa, na tangu 2019 uko tena chini ya Barrick, serikali ikiwa na hisa 16 katika kila 100. Sheria ya fedha za serikali za mitaa iliiruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma usiozidi senti 30 katika kila shilingi 100 za mauzo. Kwa miaka mingi migodi mikubwa, kwa sababu ya mikataba yake na serikali, ililipa badala yake dola 200,000 tu kwa mwaka. Na tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, mwenye mgodi yampasa kila mwaka kupatana na halmashauri juu ya mpango wa kuisaidia jamii; kanuni za jambo hili zikatolewa mwaka 2023. Madarasa, madawati na nyumba za walimu vimejengwa kwa fedha hizi. Nani atakana? Yako kwa macho.

Lawama yangu ni nyingine. Mpango huo hupatanwa kati ya ofisi na ofisi, madiwani wakashindana kuvuta kila mmoja upande wa kata yake, na kijiji huujua mpango siku kibao kinaposimamishwa chenye jina la mfadhili. Kijiji hakikuulizwa kama haja yake ya kwanza ilikuwa darasa, au choo cha wasichana, au nyumba ya mwalimu ambaye hukaa majuma mawili akahama. Tena fedha ya mgodi huingia kwa mwaka wa dhahabu, wala si kwa mwaka wa shule. Dhahabu itakapokwisha chini ya ardhi, mtoto wa darasa la kwanza ataendelea kuzaliwa. Halmashauri yenye busara ingeandika kwa wino: ushuru huu, fungu kadha ni la madarasa, mwaka kwa mwaka, katika kata zote, za karibu na mgodi na za mbali, na hesabu yake ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji.

Na jirani na utajiri huo wamo wavulana waachao shule wakaokote mawe yenye chembe za dhahabu katika vifusi. Mvulana apataye kwa siku moja fedha izidiyo ruzuku yake ya mwaka mzima hamwoni mwalimu kuwa mtu wa maana sana. Tusimkemee tu. Ametufanyia hesabu tuliyokataa kuifanya wenyewe.

Serengeti nako hakuna dhahabu nyingi, lakini kuna wanyama ambao dunia nzima huja kuwatazama. Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1951 ina eneo la kilometa za mraba 14,763, na vijiji vya wilaya, kama Robanda, viko ukingoni mwake kabisa. Mapato ya hifadhi huenda serikali kuu. Kijiji hupata sehemu katika maeneo ya jumuiya kama Ikona, na huletewa darasa au zahanati kwa ujirani mwema. Tembo naye huleta sehemu yake: mahindi hulindwa usiku kwa moto na mabati, na mara nyingine alindaye ni mtoto, ambaye asubuhi husinzia juu ya kitabu. Katika njia nyingine watoto hungojana wakaenda kundi kundi, maana hapana ajuaye nini kimelala kichakani. Waraka unaosema kila mtoto agharimiwe sawa, wa mjini na wa ukingo wa pori, ni waraka wa haki kwenye karatasi. Shule ya pembeni yahitaji zaidi: bweni, uzio, na nyumba za walimu zenye mlango wa kufungika. Nani kati ya wakubwa wale niliowataja ana kazi ya kulisema hilo? Kila mmoja kidogo, kwa hiyo hakuna.

Nisije nikadhaniwa nawalaumu walio juu tu. Serikali ilipopata mkopo wa mwaka 2021 kwa ajili ya maafa ya korona, ilijenga vyumba 15,000 nchini kwa miezi michache, na kwetu vilionekana. Njia iliyotumika ni ile ya kutumia mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa wananchi, bila mkandarasi mkubwa. Kwa njia hiyo kijiji huunda kamati: moja ya ujenzi, moja ya manunuzi, moja ya mapokezi. Kazi ya kamati ya mapokezi ni nyepesi kueleza: lori lifikapo, wahesabu mifuko ya saruji, wahesabu mabati, wapime nondo, kisha watie sahihi.

Hapa ndipo penye kidonda. Sijaona katika mambo yote ya serikali mahali ambapo mkulima wa kawaida amepewa uwezo mkubwa kama huu; na mara ngapi mjumbe huitwa atie sahihi baada ya lori kuondoka! Huambiwa, "Mzee, mifuko ni 120, tia hapa." Naye, mtu ambaye angeuziwa mbuzi mmoja angemshika meno na kumpapasa mbavu, hutia sahihi kwa mifuko ambayo hakuiona. Baada ya mwaka mmoja sakafu yamomonyoka, vumbi laingia kwenye macho ya watoto, na watu husema serikali imekula. Labda imekula. Lakini nyayo zinaishia kwenye kidole gumba chetu.

Vivyo hivyo hesabu za ruzuku. Yapasa mapato na matumizi ya shule yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Nimepita mashuleni, nikaona ubao wenye ratiba ya zamu na tangazo la chanjo. Na mahali pengine hesabu zilibandikwa kweli, kwa uaminifu, zikapaukwa na jua pasipo mtu kuzisoma. Ni kipi kibaya zaidi, sijui. Mwalimu mkuu mmoja aliniambia kwa huzuni kwamba amezisoma hesabu mbele ya mkutano wa wazazi mara nne, na kila mara swali lililofuata lilihusu mpira.

Watu wengine hujifariji kwa matokeo ya mitihani. Husema mwaka 2012 waliofaulu darasa la saba nchini walikuwa yapata 31 katika kila 100, na mwaka 2023 walikuwa 80 na zaidi. Basi mambo yamepona. Na wapone. Lakini mwaka ule ule wa 2012 ulianza mtindo wa kujibu kwa kutia weusi kiduara, mashine ikasahihisha, na mwalimu yeyote ajua kwamba mtoto asiyeweza kuandika barua kwa shangazi yake aweza kukisia kiduara. Mwaka huo huo zaidi ya nusu ya waliofanya mtihani wa kidato cha nne walianguka kabisa, na wengi wao walikuwa wa shule za kata, zilizojengwa kwa haraka kwa jasho la wanakijiji na kuachwa bila walimu. Ikiwa twataka kujua shule yetu ikoje, jaribio rahisi ni kumwita mtoto wa darasa la tatu, tumpe kipande cha gazeti, asome. Hapo hapana mashine. Kumbuka pia kwamba mtoto wetu wengi huingia darasa la kwanza na Kikurya, Kingoreme au Kiikoma kinywani, na Kiswahili hukikuta shuleni. Akiwa mmoja wa 112 ndani ya chumba, mwalimu hatamsikia asomavyo mpaka afike darasa la nne.

Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kuzipanga shule kwa nafasi, ya kwanza hata ya mwisho. Wengine walisikitika. Mimi sikusikitika, kwa maana nafasi ilituambia nani ameshinda, wala haikutuambia kwa nini. Matokeo ya kila shule bado hutolewa. Kijana mwenye simu aweza kuyasoma mbele ya mkutano kwa dakika kumi.

Liko daftari jingine ambalo halina mashine wala intaneti, nalo nalihesabu kuwa kipimo cha kweli kuliko mtihani. Ni daftari la mahudhurio. Chukua la Novemba, chukua la Januari, uyaweke pamoja, usome majina ya wasichana. Sheria ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Hata hivyo wazee wa mila, ambao Wakurya huwaita inchama, wanapotangaza mwaka wa tohara, Desemba huwa mwezi wa kukimbia. Wasichana hukimbilia kituo cha Masanga upande wa Tarime, au nyumba salama ya Mugumu, wengine kwa miguu na usiku. Baadhi ya wasiokimbia huwa wameitwa wanawake tayari, na mahari huanza kusemwa. Sheria ya mwaka 2016 imeweka kifungo cha miaka 30 kwa amwoaye mwanafunzi, na tangu Novemba 2021 msichana aliyezaa ameruhusiwa kurudi darasani. Sheria hizi ni njema, lakini zote zataka mtu wa kuanza kusema, "Jina hili lilikuwapo Novemba, leo halipo."

Mtu huyo ni nani? Mwalimu huogopa, maana amepanga nyumba kijijini. Afisa Elimu Kata ana shule nyingi. Polisi hungojea taarifa. Kamati ya shule ndiyo yenye majina, nayo imo baba yake, mjomba wake, na pengine mzee aliyetangaza mwaka. Kwa hesabu ya Hazina, msichana akiacha shule, shule imepungukiwa shilingi 6,000. Nafikiri kamati nyingi hazijahesabu hata hizo.

Kwa hiyo naliomba jambo moja, dogo kwa umbo. Sheria ya serikali za mitaa imeamuru mkutano mkuu wa kijiji uketi kila miezi mitatu. Mkutano huo ni ritongo iliyopewa muhuri. Katika kila mkutano yasomwe mambo matatu ya shule kabla ya neno jingine lolote: fedha iliyoingia na iliyotoka, vitu vilivyopokelewa na majina ya waliovihesabu, na watoto waliokuwapo mkutano uliopita ambao sasa hawapo. Mwenye kuulizwa asimame, kama asimamavyo mtu ambaye nyayo zimeingia shambani mwake. Halmashauri nayo, itakapoombwa darasa, iombwe kwa hesabu zilizosomwa mbele ya watu, si kwa manung'uniko. Ofisi hujua kuyapuuza manung'uniko. Barua yenye tarakimu na mihuri ya kijiji huisumbua.

Wala muda si mrefu. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na kwa mpango wake shule ya msingi itakuwa ya miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka ule watamaliza la sita mwishoni mwa 2027, mwaka ule ule ambao watangulizi wao watamaliza la saba kwa mtaala wa zamani. Januari 2028 watoto wa madarasa mawili watabisha hodi katika kidato cha kwanza kwa siku moja. Shule ya kata izoeayo kupokea watoto 180 katika vyumba vinne itaona 360 uwanjani. Vyumba vinne zaidi, kwa bei ile ya 2021, ni shilingi milioni 80. Na ikiwa kijiji kitasimamisha kuta zenyewe, serikali imezoea kutoa milioni 12 na nusu kumalizia boma la chumba kimoja. Kuta zichukue mvua moja zikauke. Matofali yake yanapaswa kufyatuliwa katika kiangazi cha 2026, na kamati ya kuyahesabu iwe imekwisha kuchaguliwa.